Sikio la Kushoto

Siku tuliyomzika, daftari la rambirambi lilikuwa na safu mbili, moja ya shilingi za Tanzania na nyingine ya shilingi za Kenya. Kijana aliyekaa nalo chini ya turubai aliandika jina, akaandika kijiji, kisha akamuuliza kila mtoaji, "Hela ya huku au ya ng'ambo?" Hakuna aliyeona ajabu. Hapa Sirari, mpakani mwa Tanzania na Kenya, mtu mwenye laini moja tu ya simu ni mgeni, na msiba wenye fedha ya aina moja ni msiba wa mtu asiye na ndugu.

Mpaka huu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa mapatano ya mwaka 1886, mstari ulionyooka kwa sehemu kubwa kutoka pande za pwani hadi Ziwa Viktoria, na ukapita katikati yetu. Wakira, Wanyabasi, Wairegi na Wagumbe wako pande zote mbili mpaka leo. Mtu akifa huku, nusu ya wafiwa hutoka Isebania, Kehancha na Migori. Wengi huvuka kwa miguu, akina mama wakiwa na ndizi na unga kichwani. Nakumbuka Februari 1977 mpaka ulipofungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Miaka hiyo yote watu walizikana kwa njia za panya. Mama yangu mwenyewe alivuka usiku kwenda kumzika dada yake, akarudi kabla ya jogoo kuwika, miguu imejaa umande, na asubuhi akaenda shambani kama kawaida kwa kuwa hakutakiwa kuonekana kuwa alikuwa amefiwa.

Rafiki yangu sitamtaja jina. Kwa kweli hata mdomoni jina lake halinijii kwa wepesi, maana tangu ujana tuliitana "Mura", neno letu la kumwita kijana wa kiume aliyekwisha kuingia utu uzima. Aliniita Mura hadharani mbele ya wanafunzi wangu, aliniita Mura hospitalini, na mvi zilipotujaa wote wawili bado tulikuwa Mura kwa Mura. Alikuwa mwenzangu wa saro.

Neno hili nalieleza kwa ajili ya wasomaji wasio wa kwetu. Mkurya anazaliwa akiwa na mahali pake tayari. Tuna mizunguko miwili ya vizazi: Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina upande mmoja, Chuma, Mairabe, Gini na Nyangi upande wa pili. Mtoto wa Saai ni Nyambureti, atake asitake, na mjukuu wake ni Gamunyere, mpaka mzunguko urudi mwanzo. Malcolm Ruel, Mwingereza aliyeishi na wazee wetu miaka ya 1950, aliandika mengi juu ya mpangilio huo. Lakini kizazi unarithi kwa baba. Saro unaipata kwa damu yako mwenyewe: ni kundi la wale mliotahiriwa msimu mmoja, nalo hupewa jina lake na ukoo. Kutoka siku ile watu wa saro yako ni watu wa kukukemea ukikosea na wa kula nawe bila kukaribishwa. Binti wa mwenzako ni binti yako, huwezi kumposa hata ukifiwa na mke na kubaki pekee.

Tulipangwa mstari mmoja alfajiri ya Desemba, yeye mbele yangu. Mvulana wa Kikurya husimama wima akitazama mbele huku ukoo mzima ukimtazama usoni, na akikunja uso aibu ni ya nyumba nzima. Mimi niliogopa. Nilikuwa nimekaza macho kisogoni pake tangu tulipofika uwanjani, na zamu yake ilipofika niliona shingo ile haikutikisika hata kidogo. Nikaazima utulivu wake. Wiki zilizofuata tulitembea pamoja tukiwa tumejifunga kanga za mama zetu, fimbo mkononi, tukila kila mji tuliopita, na ndipo nilipogundua kuwa alikuwa mtu wa maneno machache sana.

Kwa kuwa nimeitaja saro, sitapita kimya juu ya jambo moja. Wasichana nao walikatwa kwa jina la saro, na wengine bado wanakatwa kwa siri ingawa sheria ya 1998 inakataza kwa walio chini ya miaka 18. Rafiki yangu alikuwa na mabinti wanne na hakumpeleka hata mmoja. Ndugu zake walimnunia kwa miaka, na msimu mmoja hakuna aliyekuja kwenye risaga yake, ile kazi ya pamoja ambayo majirani hulimiana kisha wakanywa pombe ya mwenye shamba. Alilima peke yake na maksai wawili. Nilikwenda kumshikia plau Jumamosi mbili, na hatukulizungumza.

Sasa nirudi kwenye msiba. Gogo kubwa liliwashwa uani, nasi wanaume tulilala kuzunguka moto ule siku zote za matanga, bila kuuacha uzimike. Wanawake walilala ndani na mjane. Kaburi lilichimbwa hatua chache kutoka zizi la ng'ombe, kama alivyotaka. Sisi wa saro yake tuliobaki ni watano. Tulichukua majembe tukafungua udongo wa kwanza, kisha tukawaachia vijana kwa sababu migongo yetu haikuturuhusu kufika chini. Nilikaa pembeni nikitazama udongo mwekundu ukirushwa juu. Kijana mmoja aliyekuwa ndani ya shimo akatoa kichwa akauliza kama urefu unatosha. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nikimfahamu kwa kimo. Nikasema waongeze kidogo upande wa miguu.

Katekista aliongoza sala. Usiku mzee mmoja alikuja na litungu, ile ala yetu kubwa ya nyuzi 8 yenye sauti nzito inayosikika kifuani kabla ya masikioni, akamwimbia mpaka majogoo. Fahali alichinjwa, nasi wa rika lake tukatengewa kichuri, nyama ya ndani iliyopikwa kwa maji ya tumbo la mnyama na nyongo. Mgeni akionja husikia uchungu tu. Kwetu ni chakula cha heshima, na siku ile kilikuwa chakula pekee nilichoweza kumeza.

Baada ya kaburi kufunikwa na mashada kuwekwa, msemaji wa familia alisimama. Kila aliyewahi kuzika Tanzania anayajua maneno yale. "Kama kuna anayemdai marehemu, aje kwa familia atueleze. Na kama kuna anayedaiwa na marehemu, naye tunamwomba ajitokeze." Sentensi ya kwanza huwa na watu. Siku hiyo alisimama muuza dawa za mifugo, akasimama na mwanamke mmoja wa kikoba, madeni madogo ambayo wanawe waliyapokea palepale. Sentensi ya pili watu huisikiliza wakitazama chini. Nami nilitazama chini kwa muda. Kisha nikasimama nikasema, "Mimi nadaiwa na marehemu ng'ombe mmoja. Nadaiwa tangu mwaka 1986."

Uwanja ulinyamaza. Mwanawe mkubwa alinikazia macho kama mtu aliyesikia vibaya, kwa kuwa ninyi mnaotusikia Wakurya kwa mbali mnajua jinsi tunavyohesabu ng'ombe. Ng'ombe ndiye anayeleta mke na kulipa kosa, na pasipo ng'ombe mtoto hana ukoo unaomtambua. Deni la ng'ombe la miaka 37 lisilojulikana na mtoto mkubwa wa nyumba ni jambo zito.

Hii ndiyo habari niliyowaeleza wazee chini ya mti, msemaji aliponiita pembeni.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wizi wa ng'ombe ulibadilika. Wezi wa enzi za baba zetu walikuja na mikuki na mishale, na mara nyingi ilitosha kuwapigia yowe. Hawa wapya walikuja na bunduki za SMG. Usiku mmoja wa 1986 walifungua zizi langu. Mimi nilikuwa Musoma nikifundisha, nyumbani kuna mke wangu na watoto wadogo. Walichukua ng'ombe wote saba. Rafiki yangu aliishi ng'ambo ya bonde, na zizi lake halikuguswa. Angeweza kushukuru Mungu na kuongeza mlinzi. Yowe lilipopigwa alikuwa wa kwanza kufika, na kulipopambazuka alikwenda na wanaume wa kijiji kufuata nyayo. Kwetu nyayo ni ushahidi. Kijiji zinapoishia kinatakiwa kuzipokea na kuonyesha zilikotokea upande wa pili, ama sivyo kitalipa, na ritongo, baraza la jamii yote, hukaa kwa jambo hilo. Walitembea siku mbili kuelekea mashariki, kwenye nyanda za Serengeti.

Habari ilinifikia Musoma kupitia dereva wa basi. Nilipofika nyumbani nilikuta ng'ombe watano zizini na rafiki yangu ameketi kwenye jiwe, viatu amevua, nyayo za miguu zimepasuka. Akasema, "Wawili wamepotea, Mura."

Nikaingia zizini. Wanne niliwajua kwa rangi na kwa pembe. Wa tano alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Na kweli, miongoni mwa walioibwa alikuwamo mtamba mwekundu mwenye doa jeupe, niliyemnunua mnadani wiki tatu tu kabla. Mke wangu alikuwa bado hajamzoea. Watoto hawakuwa na la kusema. Mtu pekee aliyeweza kumtambua ni mimi niliyemchagua, nikamshika taya, nikamfungua mdomo kutazama meno.

Alama ya mji wetu ni mkato kwenye ncha ya sikio la kulia. Nikashika sikio la kulia la mtamba yule. Mkato ulikuwapo, mbichi, damu imekauka pembeni na nzi wanatua juu yake. Nikashika la kushoto. Hapo palikuwa na kovu la zamani, pengo dogo la nusu mwezi lililokwisha kupona tangu akiwa ndama. Mtamba wangu wa mnadani alikuwa na sikio la kushoto zima. Na pengo la nusu mwezi kwenye sikio la kushoto nililijua vizuri kama ninavyojua mwandiko wangu: ni alama ya mji wa baba yake rafiki yangu.

Nilitoka zizini. Alikuwa bado ameketi kwenye jiwe, anautazama mguu wake. Nilimwambia, "Ahsante, Mura." Akaniuliza habari za Musoma.

Hatukulisema tena. Wazee waliniuliza kwa nini sikumrudishia siku ileile, na swali hilo nimejiuliza mwenyewe nikiwa macho usiku. Mwanzoni niliona kumwambia kuwa nimetambua ni kumvua nguo mtu aliyejitahidi kujisitiri. Alikuwa ameikata alama yangu kwa kisu chake juu ya mnyama wake ili nisijione nimepokea sadaka. Baadaye mtamba akazaa. Akazaa tena. Ng'ombe mmoja akauzwa, binti yangu akaingia kidato cha kwanza. Wengine wawili wakatangulia katika mahari ya mwanangu, na leo nina wajukuu watatu waliopatikana kwa ng'ombe wale. Maksai mmoja amelima shamba langu misimu tisa. Nilikuwa na daftari, tabia ya ualimu, na humo niliandika kila ndama wa uzao wa mtamba yule, tarehe na rangi, na kila aliyeuzwa na kilichonunuliwa. Nilitaka siku moja nimkabidhi daftari lile. Kila mwaka nikaona mwaka ujao utafaa zaidi. Hili ndilo kosa langu katika urafiki huu, nami nalisema kama lilivyo. Nilimwachia mtu abebe wema wake peke yake kwa miaka 37 kwa sababu nilichelea kulitamka neno moja.

Wazee walishauriana. Mmoja, wa kizazi cha baba zetu ambaye hata kukaa karibu naye mtu wa rika langu hujinyoosha, aliuliza, "Marehemu aliwahi kudai?" Nikasema hapana. "Aliwahi kusema amekopesha?" Hapana. "Basi ni zawadi." Mwingine akakataa. Akasema ng'ombe wa kupewa hupewa mbele ya watu, huombewa, hupitishwa mlangoni, na mnyama aliyeingia kwa siri ametangatanga tu, bado ni wa alikotoka, na uzao wake wote vilevile. Wakaanza kuhesabu kwenye daftari langu. Nilikuwa tayari kwa lolote. Ukweli ni kwamba nilitamani wahesabu mpaka mwisho.

Ndipo mjane akasema. Alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni na dada zake, nasi tulidhani hasikii. Zamani mwanamke asingeingilia shauri la ng'ombe lililo mikononi mwa wazee, tena siku ya kumzika mumewe. Hakusimama. Alisema tu kwa sauti ya kutosha, "Shemeji, yule mtamba nilimlea mimi."

Mama wa mtamba yule alikufa kwa ndigana, mtamba akiwa na siku tano, akatueleza. Yeye ndiye aliyemnywesha maziwa kwa chupa, mtamba akakua akimfuata mpaka kisimani. Asubuhi ile ya 1986 aliamka akakuta hayumo zizini, na mumewe ndiyo kwanza amerudi kutoka nyanda, amekaa kwenye kiti, anafuta damu kwenye kisu. Hakumuuliza. Jioni mumewe akamwambia mwenyewe, na akaongeza kwamba asimtaje mtamba yule kwa mtu yeyote. "Alisema tukilitaja tutakuwa tumemuuza."

Nilikumbuka jambo ambalo kwa miaka yote nililiona bila kulielewa. Kila mama huyu alipokuja kwetu, kabla ya kuingia nyumbani, kabla hata ya kumsalimu mke wangu, alipita zizini. Alikuwa akimkuna mtamba yule shingoni, na mtamba akinyoosha shingo na kufumba macho. Tulisema anapenda ng'ombe. Mtamba alipozeeka na kufa, alikuja akasimama getini kidogo, kisha akaingia ndani akasaidia kumenya ndizi.

Wazee hawakuwa na la kuongeza juu ya hayo. Yule wa kizazi cha baba zetu alisema kwamba deni halipo, ila neno lililokwisha kutamkwa matangani haliwezi kuachwa mikono mitupu, kwa hiyo nilete mtamba mmoja wa uzao ule, baada ya matanga kuvunjwa na watu kunyolewa. Mmoja tu. Nilijaribu kusema wawili. Mjane akatikisa kichwa.

Siku tuliponyolewa upepo ulikuwa ukivuma kutoka milimani. Nywele za wanawe zilianguka chini, nyeusi, na zetu sisi watano wa saro zikaanguka nyeupe pembeni mwao. Hesabu ya mali ilisomwa. Ulizungumzwa urithi wa mashamba, na nilifurahi kusikia ndugu wakikubali mjane abaki kwenye mji wake bila kuulizwa juu ya kurithiwa na shemeji yeyote. Miaka ya nyuma lingekuwa swali la kwanza. Sisi wa saro tukawaita watoto wake wote, wa kiume na wa kike, tukawaambia ni wapi waje wakikwama ada, wakikosana na mtu, wakioa au kuolewa. Hayo hatukuyabuni sisi. Tuliambiwa vilevile na wenzao wa saro baba zetu walipokufa.

Jumamosi iliyofuata nilitoka nyumbani alfajiri na mtamba mwekundu. Hana doa kwenye paji, lakini ni kitukuu wa yule. Mjukuu wangu alimswaga kwa nyuma, mimi nikatangulia na kamba. Tulishuka bondeni, tukavuka kijito, tukapanda upande wa pili kwa njia ileile ambayo rafiki yangu alimpitisha yule wa kwanza gizani, peke yake, mwelekeo wa kinyume. Nilisimama mara tatu njiani kupumzika. Mtamba akala majani ya pembeni, akanisubiri.

Kaburi lilikuwa bado bichi, mashada yamekauka. Mjane alitoka, akaja moja kwa moja kwa mtamba kabla ya kunisalimu. Akamshika kichwa. Akakagua sikio la kulia, akakagua la kushoto, akanigeukia.

"Shemeji, huyu masikio yake ni mazima."

"Sijamkata," nikamwambia. "Tangu azaliwe sijamkata."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akamwita mwanawe mkubwa, akamtuma ndani alete kisu cha baba yake. Kijana alimshika mtamba, akaniangalia kama anayeomba ruhusa, nami nikamwonyesha kwa kidole: la kushoto, hapo kwenye ukingo, kama nusu mwezi. Alikata mara moja. Mtamba alirusha kichwa, matone mawili ya damu yakaanguka kwenye vumbi, akaingia zizini kuwafuata wenzake.